Nusu ya Griffins

Wanafunzi wangu wakiniuliza ni nani aliyenifundisha utafiti, hutarajia nitaje profesa fulani mwenye nywele nyeupe. Maprofesa nimepitia mikononi mwao, na wengine nawaheshimu. Lakini walionifundisha hasa ni wake wenza wawili wa Asembo Bay, Benta na Selpha, kwa kutumia kisu cha samaki. Nawashukuru mpaka leo, ingawa siku ile nilikuwa nimekwenda kugombana nao.

Mimi ni daktari wa ubongo, jina langu Magdalene. Wazazi wangu walitoka Nyeri wakaja Kisumu kuuza viatu, nami nikakulia mtaa wa Kaloleni, mtoto wa pekee, mwenye sahani yake, kikombe chake na kitanda chake. Kule Asembo huniita Nyar Kaloleni, yaani binti wa Kaloleni, na jina hilo nalipenda kuliko cheo chochote nilichopewa. Hasira zangu pia zinajulikana. Wauguzi husema wakisikia viatu vyangu kwenye ujia, hata wagonjwa hunyoosha shuka.

Miaka kumi na mitano iliyopita nilikuwa nikiendesha utafiti wa kifafa pale Asembo. Swali letu lilikuwa jepesi: mtoto akipewa kidonge kimoja cha bei nafuu kila siku baada ya chakula cha mchana, mama yake akisimamia, ataacha kuanguka? Vidonge tulileta sisi, maana zahanati ya huko haikuwa na dawa hiyo. Mtoto akitolewa kwenye utafiti, dawa yake imekwisha.

Kati ya watoto wetu alikuwemo Winny, binti wa Selpha. Alikuwa mcheshi, mwenye maswali mengi kuliko mimi, na kovu la moto kutoka kiganjani hadi kwenye kiwiko, kwa sababu kifafa kilimshika siku moja akiwa karibu na meko. Wakienda ziwani kufua, Selpha alimfunga leso kiunoni na kuishika ncha yake, ili akianguka majini avutwe upesi. Wenzake walimcheka. Naye aliwacheka pia, lakini niliona jinsi alivyoitazama ile leso.

Dawa ilipoanza nilisubiri habari njema. Hazikuja. Winny alipunguza kuanguka kidogo tu, na kila tulipompima damu tulikuta dawa haitoshi. Familia nyingine kadhaa za Asembo zilikuwa vivyo hivyo. Profesa Bildad, mkuu wa mradi wetu mjini Kisumu, hakuzunguka mbuyu.

"Hawa kina mama hawatoi dawa, Magda. Ijumaa tunakutana, na tutawaondoa."

Winny angekuwa wa kwanza kuondolewa. Nilipandwa na hasira, na yote ilimwendea Selpha. Alhamisi nikaingia garini bila kumpigia mtu simu, na tangu Ndori, njiani, nilikuwa nayapanga maneno makali nitakayomwambia.

Sikupata nafasi ya kuyasema. Benta, mke mkubwa, alinipokea mlangoni kwake. "Karibu, Nyar Kaloleni. Kwanza kula." Katika boma lile mgeni haulizwi shida yake kabla hajanawa mikono. Nikakalishwa kwenye kochi lenye kitambaa cheupe cha kufuma, nikawekewa sahani yangu peke yangu na samaki mzima, ngege. Shule zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo watoto wa nyumba zote mbili walikuwa wameketi mkekani, wamezunguka sinia moja la ugali, mikono ikipishana.

Walipomaliza, Selpha alichukua kopo la dawa juu ya kabati. Akaweka kidonge juu ya kibao, akafuta kisu cha samaki kwa leso yake, akakata. Nusu moja akampa Winny. Nusu ya pili akampa kijana aliyeketi kando yake, mwenye kovu kwenye nyusi. Huyo alikuwa Griffins, kitinda mimba wa Benta.

"Selpha! Unafanya nini?" Nilisimama hata mchuzi ukamwagika.

"Napatia watoto dawa."

"Hiyo dawa ni ya Winny peke yake!"

"Ndiyo, ni ya Winny. Lakini huyu pia huanguka." Alinitazama kwa mshangao wa kweli, kama mtu aliyeulizwa kwa nini anapumua. "Sasa Daktari, hawa watoto wanakula sinia moja. Nipatie mmoja dawa, huyu mwingine aangalie tu? Hiyo ni boma gani?"

Hakuwa amenificha kitu. Hakuona cha kuficha. Aliyeinamisha kichwa alikuwa Benta, maana watu wetu walipopita nyumba kwa nyumba wakiuliza kama kuna mgonjwa wa kifafa, yeye aliwaambia kwake wote ni wazima.

"Ni mimi nilikataa," Benta alisema polepole. "Dorca wangu wakati huo alikuwa anaposwa. Watu wakisikia kuna *ndulme*, hii kifafa, kwa hii boma, nani ataleta ng'ombe? Nikaficha kijana. Selpha akanipata nyuma ya jikoni nalia. Hakuniuliza kitu. Kesho yake akaanza kukata."

Nilikaa tena kwenye kile kitambaa cheupe. Maneno yangu yote ya kutoka Ndori yaliniisha. Nikamweleza Selpha, kwa upole kadiri ninavyouweza, kwamba nusu ya kidonge haimtoshi mtoto hata mmoja.

"Kwa hivyo nilikuwa naharibu wote wawili?"

"Hapana. Ulikuwa unawapunguzia tu."

"Basi niambie, Nyar Kaloleni. Nani niache?"

Nimetahiniwa na watu wakali katika miji mikubwa, na majibu niliyapata. Kwa swali la Selpha nililia mbele ya watoto wale, na Winny akanishika bega akaniambia nisijali, atakula hiyo nusu yake tu, ameshaizoea.

Ijumaa niliingia mkutanoni na roho mkononi. Nilimweleza Bildad yote. Alinisikiliza akizungusha miwani yake.

"Wamevunja masharti, Magda. Masharti ni masharti."

"Masharti yetu ndiyo hayakujua watu hawa wanakulaje," nikamjibu. "Tulisimama mlangoni tukauliza nani anaumwa. Tungekaa chini tuulize nani anakula hapa. Mwondoe Winny ukitaka. Selpha hataacha kugawa, ila hatakuwa na cha kugawa, na mtoto atarudi kwenye moto ule ule. Dawa itolewe kwa boma, Profesa, kwa kila mtoto anayeanguka. Halafu ndipo tupime."

"Ukibadilisha utaratibu katikati, nani atayaamini matokeo?"

"Na haya ya sasa unayaamini wewe?"

Bildad alikuwa mgumu, lakini hakuwa na kiburi, na kwa hilo namshukuru naye. Alivaa miwani yake. "Je, kuna maboma mengine yanayokata?"

"Sijui. Niruhusu nikale kwao nione."

Akacheka, akaniruhusu. Tukaanza upya. Mwaka ule nilinenepa hata sketi zikanikataa, kwa maana kila boma tuliloingia tulinawa mikono kwanza, na sahani zilipoondolewa ndipo watoto walipotokea: waliofichwa jikoni, waliopelekwa kwa bibi, waliosemekana wana aibu tu ya wageni. Vile vidonge vilikuwa vimekatwa katika nyumba nyingi sana, kwa visu, kwa meno, kwa ukucha wa bibi mmoja ambaye hakuona vizuri. Winny akapata kizima chake. Griffins naye akapata chake. Kufikia likizo iliyofuata Winny alikuwa anaoga ziwani na wenzake, na ile leso mama yake alikuwa amejifunga mwenyewe.

Lile swali la nani anakula hapa nimelibeba katika kazi yangu yote tangu hapo. Nilipogeukia kiharusi nilienda nalo, kwa sababu wanaokula chungu kimoja hula chumvi moja, na presha ya mmoja hunionyesha wengine wa kupima. Watu husema nimevumbua njia. Mimi nilikaribishwa chakula tu.

Mwaka huu kiharusi kilimpata Benta mwenyewe. Griffins, ambaye sasa ni mtu mzima na hununua samaki Luanda Kotieno, aliuona mdomo wa mama yake ukipinda, akampakia kwenye gari la samaki hadi Kisumu bila kungoja kikao cha ukoo. Mama aliokoka. Mkono wa kulia ulikufa, na maneno yakambakia machache sana.

Aliporuhusiwa kwenda nyumbani nilimpa muda kisha nikaenda kumwona. Nilipoingia tu, nilimkuta Selpha ameinama juu ya kibao. Kidonge cha presha kiko pale, na kisu cha samaki kiko juu yake.

"Selpha, usithubutu!"

Alicheka mpaka akajishika mbavu. "Tulia, Nyar Kaloleni! Zahanati ndio walisema Benta akule nusu. Hii nyingine ni ya kesho. Yangu ya presha iko pale, nzima."

Chakula kilipokuja nilielekea kwenye kochi lenye kitambaa kungoja sahani yangu. Haikuja. Selpha aliweka sinia mkekani, akamwegemeza Benta ukutani, akanimiminia maji mikononi. Nikaketi chini, magoti yakilalamika.

Kwetu kumpa mtu kitu kwa mkono wa kushoto ni kukosa adabu. Benta hakuwa na mwingine. Kwa mkono huo alimega nyama ya samaki upande wake wa sinia, akaisukuma polepole hadi upande wangu. Mdomo wake ukahangaika kutafuta neno.

"Nyar," alisema, akakwama. Nilijua linalofuata ni Kaloleni, nikataka kumsaidia kulisema. Akatikisa kichwa, akavuta pumzi, akajaribu tena.

"Nyarwa."

Binti yetu. Nikala, sikubakiza kitu upande wangu.