Gunia la Maharagwe

Aproni ilikuwa haifungiki tena. Mpishi wa shule aliunga kamba zake kwa kipande cha katani alichokifungua kwenye gunia tupu, akajifunga, akarudi kukoroga sufuria kubwa ya maharagwe. Moshi ulimwingia machoni kama siku zote. Kisichokuwa cha siku zote ni hii njaa. Asubuhi alikunywa chai na mkate mzima, ule wa kugawana nyumba nzima, na bado tumbo lilikuwa linanguruma kama la mtu aliyeshinda juzi na jana bila kitu.

Walimu wakipita dirishani walimtania. Mmoja alisema jikoni kunalipa, mwingine akasema mama amenawiri, atuambie siri. Mwanzoni alicheka nao, maana mtu aliyewahi kukonda kwa ugonjwa akiambiwa amenawiri hushukuru. Sasa sketi inabana, viatu vinabana, na utani wenyewe umeanza kubana.

Ugonjwa huo hapa shuleni hakuna aliyeujua. Mwaka uliopita alikuwa akisikia watu wasiokuwapo wakimsema. Siku moja aliokotwa sokoni, peku, asikumbuke alifikaje. Zahanati ikampa vidonge, sauti zikanyamaza, akapata kazi hii. Aliwaambia alikuwa nyumbani akimuuguza mama yake, wakaamini. Nani angemkabidhi visu na chakula cha watoto mtu aliyewahi kuitwa kichaa, hata kama amepona?

Kabla ya mapumziko mtunza stoo aliingia, funguo zikilia kiunoni. Alisema gunia moja la maharagwe halionekani. Akamtazama mpishi kuanzia utosini hadi kwenye viatu vilivyofumuka pembeni, akaenda kwa mwalimu mkuu.

Mpishi alibaki na mwiko mkononi. Kusingiziwa angeweza kuvumilia. Kilichomtia baridi ni kwamba hakuwa na uhakika. Gunia zima halisombwi na mtu bila mwenyewe kujua, alijiambia. Halafu akakumbuka soko. Kule nako alikwenda kwa miguu yake mwenyewe bila kujua. Na huu unene umetoka wapi, ikiwa hapa jikoni chumvi anaionja kiganjani tu na sahani yake anaipakua nusu kwa kuogopa midomo ya watu?

Ilikuwa siku yake ya kuchukua dawa. Akamwachia msaidizi sufuria, akaenda zahanati kwa mwendo wa haraka, akapanga foleni, na zamu yake ilipofika akamuuliza muuguzi kwa sauti ya chini kama mtu anaweza kula bila kujua.

Muuguzi alicheka kidogo, kisha akaacha. "Kwani hukuambiwa? Vidonge hivi vinaleta njaa. Vinanenepesha watu wengi tu."

"Hakuna aliyeniambia."

"Labda daktari alikuwa na watu wengi siku hiyo," muuguzi alisema, macho yakiwa kwenye foleni. Akamwonya asithubutu kuviacha ghafla, sauti zitarudi. Zipo dawa nyingine zisizonenepesha hivyo, ila hapa haziletwi, zinauzwa duka la dawa huko nje. Alipotaja bei, mpishi alimwomba arudie, akidhani amesikia vibaya. Muuguzi alimhurumia, akajitolea kumpigia simu mwalimu mkuu amweleze.

"Utamwambia unapiga kutoka kitengo gani?" mpishi aliuliza.

Muuguzi akatazama kibao cha Afya ya Akili mlangoni, akamfungia vidonge vyake.

Njiani alimpigia dada yake anayeishi naye, akamuuliza kama amewahi kumwona akitoka usiku. Dada alisema tangu mwaka jana yeye analala mlangoni na ufunguo uko chini ya mto wake, mpishi hajatoka hata mara moja. Mkate ndio mpishi anaumaliza, hilo dada analijua na amekuwa akiona haya kulisema. Mpishi akapumua. Basi yeye si mwizi. Alifurahi hatua chache, kisha akajiuliza ukweli huo ataupeleka wapi.

Aliporudi shuleni aliitwa ofisini, na humo walikuwa wameweka mizani ya magunia katikati ya chumba. Mtunza stoo alisema mama huyu alikuja hapa mwembamba kama mwiko, na maharagwe yalikoenda kila mtu anaona. Wampime kila asubuhi na kila jioni.

Mwalimu mkuu hakuwa mtu mbaya. Alizungumza taratibu. "Mama, chakula ni kilekile tunakula sote, mbona unanenepa peke yako? Kama ni ugonjwa, sema, tukupeleke kwa daktari wa shule. Kama umekula, sema pia. Tutakata kwenye mshahara yaishe."

Mpishi alifikiri mpaka kichwa kikamuuma. Daktari wa shule angeuliza anameza nini. Mwizi anakatwa mshahara, kichaa anakatwa kazi.

"Ni mimi," alisema. "Nimekula."

"Gunia zima?"

"Kidogo kidogo."

Mwalimu mkuu alishangaa, lakini aliyeshtuka zaidi ni mtunza stoo. Mdomo ulibaki wazi, mkono ukashika funguo, naye mpishi akaelewa gunia limekwenda wapi. Alipanda kwenye mizani wakampima, akashuka, akarudi jikoni.

Watoto walipokwisha kupakuliwa alichukua sahani kubwa kuliko zote, akaijaza wali na maharagwe mpaka ukingoni, akakaa kizingitini ambapo shule nzima inamwona. Alikula kwa hasira na kwa raha. Mtunza stoo akapita, akasimama.

"Unakula mbele za watu, huna hata haya?"

"Gunia zima nimelilipia, bosi. Sijafika hata nusu."

Akatoa kidonge kwenye karatasi, akakimeza kwa maji. Mtunza stoo akauliza hiyo ni dawa ya nini.

"Ya kuongeza hamu ya kula."

Mtunza stoo alicheka, akatikisa kichwa, akaenda zake na funguo zake. Mpishi alifuta sahani kwa kidole. Njaa ilikuwa palepale, haikusogea. Alikaa kidogo akiisikiliza, asijue ni yake au ni ya kidonge, kisha akainuka kwenda kupakua sahani ya pili.