Chupa ya Kumi na Mbili

Kila Alhamisi saa kumi alasiri, Akineti aliiweka laptopu ya shule juu ya sanduku tupu la biskuti, akaisogeza kwenye kona ya nyumba ambako mtandao ulikuwa na nguvu kidogo, akamngoja Dada Katarina atokee. Mwenzake Mareta alikaa kando yake akila shelisheli la kuchoma. Wote wawili walikuwa kidato cha tano, na utafiti wao ulihusu kuhara kwa watoto wachanga katika kijiji chao cha Teaboua, Tarawa Kusini. Dada Katarina, mshauri wao katika mpango wa utafiti wa shule za visiwani, alikuwa muuguzi katika hospitali ya Brisbane, ng'ambo, lakini alizaliwa papo hapo Teaboua, nyumba ya nne kutoka maneaba, lile jumba la kijiji ambamo kila ukoo una mahali pake pa kukaa. Aliwashauri akiwa stoo ya mashuka, wakati wa mapumziko yake, na nyuma yake mashuka yalipangwa mpaka darini.

Mareta alichagua mada hiyo kwa kuwa ilikuwa ya kwanza kwenye orodha. Akineti alikuwa na sababu. Sababu hiyo iliitwa Itaaka, mtoto wa kwanza wa dada yake Baurina, na ilikuwa imeanza kukaa bila kushikwa.

Kukusanya maji ya visima kumi na viwili kuliwachukua wiki tatu. Kwetu huwezi kuingia kwa mtu, ukachota maji yake, ukaondoka kimya kimya kama mwizi. Lazima ukae mkekani, uletewe samaki, ule, uulizwe habari za bibi yako, ule tena, ndipo utoe chupa yako.

"Utafiti gani huu," Mareta alilalamika walipotoka nyumba ya nane. "Jumatatu sketi ya shule itanikataa."

"Si ukatae kula?"

"Nikatae samaki wa mama Tekinati? Na yule mwanawe alivyo mrefu? Una wazimu wewe."

Fomu ya mpango ilitaka wapime hatua kutoka kisimani hadi banda la nguruwe, na kutoka kisimani hadi kaburi la karibu. Ilisema zisipungue hatua hamsini. Aliyeiandika hakuwahi kufika Teaboua, ambako ukipiga hatua hamsini upande huu umeshaingia maji ya ndani, ile bahari tulivu iliyozingirwa na visiwa, na upande ule bahari kuu imekupokea. Watu, nguruwe, visima na marehemu hukaa pamoja katikati, na marehemu hulazwa kando ya nyumba ili wasijione wametupwa.

Swali la saba liliuliza kama nyumba hiyo imewahi kufiwa na mtoto wa chini ya mwaka mmoja. Waliliuliza kila mahali wakati wa kula, maana ndio wakati watu walikuwa wametulia. Nyumba zote kumi na mbili zilijibu hapana. Mama hawezi kumtaja mtoto aliyeondoka mapema mbele ya mgeni mwenye tonge mdomoni. Ni kumharibia mgeni chakula.

Zilipotimia, kila chupa ilitiwa kikaratasi chenye dawa. Maji mabaya hukigeuza cheusi kwa siku tatu. Akineti alizipanga chupa kwenye ubao wa dirisha, namba moja hadi kumi na mbili, na siku ya tatu zote zilikuwa nyeusi, pamoja na ya kumi na mbili, ambayo ilikuwa ya kisima cha kina Akineti wenyewe. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Saa kumi na dakika tano, Dada Katarina akiwa anaeleza namna ya kuchora jedwali, chupa ya kwanza ikaanza kulia.

Ililia kilio cha mtoto wa wiki mbili, kile chembamba kinachokatikakatika. Ya pili ikaipokea, kisha ya tatu, mpaka zikalia kumi na moja. Ya kumi na mbili peke yake ilinyamaza.

"Mmeandika saa?" Dada Katarina aliuliza.

"Tumeandika," Akineti alisema.

"Hiyo namba tatu ina mapafu," Mareta alisema. Halafu akasikiliza, akaweka shelisheli chini. "Tisa ni kwetu. Mama hajawahi kuniambia."

Dada Katarina aliomba wamsogezee chupa moja moja karibu na maikrofoni. Ya kwanza, ya pili na ya tatu alizisikiliza akiandika. Ya nne ilipofika hakuandika.

"Huyo ni wa kwetu," alisema. "Nilikuwa na miaka saba. Mimi ndiye niliyekuwa nateka maji." Nyuma yake mtu alifungua mlango wa stoo, akachukua mashuka mawili, akafunga. "Mwacheni hapo kidogo. Nina dakika kumi zimebaki."

Wakamwacha. Dada Katarina alikaa akimtazama kupitia kamera, mtoto analia ndani ya chupa, mpaka mapumziko yakaisha. Kabla hajakata aliwaagiza warekebishe majibu ya swali la saba, waandike ndiyo kumi na moja na hapana moja, na waandike barua kwa ofisi ya maji.

Kesho yake akina mama wa nyumba hizo wakaja. Hakuna aliyewaita. Walisimama nje ya dirisha wakisikiliza, na kila mmoja aliijua yake bila kusoma namba. Mama Tekinati aliichukua chupa ya nane, akaipakata, akaanza kuipigapiga mgongo, na ilinyamaza. Baada ya hapo walikuja kila siku, alfajiri na alasiri, kuzibembeleza. Mama Mareta hakumtazama binti yake usoni siku ya kwanza. Siku ya pili alimpa chupa ya tisa aishike, akamwambia jina la aliyemo.

Wiki iliyofuata jambo likafika maneaba. Wazee walikaa kila mmoja kwenye nguzo ya ukoo wake, na Mzee Bwatiara, ambaye ukoo wake husema kwanza, akasema kwanza.

"Hawa watoto wanafanya nini dirishani kwa watu?"

Akineti aliinama, akajibu kwa sauti ya chini kama inavyompasa msichana. "Babu, ni ushahidi. Afisa wa maji anakuja Jumatatu. Akizisikia atatuletea matangi."

"Leo ni siku gani?"

"Ijumaa, babu."

"Kwa hiyo ulitaka mtoto wa watu akae kwenye ubao mpaka Jumatatu, anamngoja afisa?"

Wazee wakaguna. Akineti alitaka kusema kwamba kuna mmoja aliye hai, anayekunywa maji hayo hayo. Alilisema hilo, lakini alilisema kwa adabu mno, na lilimezwa na miguno. Niliwahi kuwasikia watu wakiwaita wazee wale wajinga. Hawakuwa wajinga. Walikuwa na huruma, na huruma yao ilikwenda kwa waliokuwa wakilia.

Ikaamuliwa kwamba mtoto hukaa kwao. Jioni ile ile kila mama alibeba chupa yake hadi nyumbani, akaimimina kisimani ilikotoka. Chupa ya kumi na mbili Mzee Bwatiara aliipeleka sikioni, akaitikisa, akamrudishia Akineti.

"Haya ni maji tu. Kaa nayo."

Afisa wa maji alikuja Jumatatu, kijana mpole mwenye viatu vyeupe. Alipewa dafu, akanywa, akapelekwa kwenye visima. Vilikuwa vikilia, kumi na moja, kila kimoja kwa saa yake. Alisubiri kimoja kinyamaze ndipo akainama kuchungulia.

"Fomu yangu ina rangi, harufu na ladha," aliwaambia. "Sauti haimo. Ningeiandika wapi?"

"Andika pembeni," Mareta alisema.

"Pembeni hawasomi, mdogo wangu."

Kuhusu matangi alisema yapo, matatu, na yatatolewa kwa nyumba zenye paa la bati, kwa sababu maji ya mvua yanayotiririka kwenye makuti hayafai kunywewa. Teaboua ina majengo matatu ya bati: ofisi ya kata, duka la Ioteba, na nyumba ya Ioteba. Yote matatu yalikuwa na matangi tayari. Yakapata ya pili. Ioteba alitia kufuli kwenye yote aliyokuwa nayo, na kusema kweli nilimchukia kwa hilo, na bado namchukia.

Watu walizoea. Waliteka maji visima vikiwa kimya, wakaviimbia vikianza. Lakini kuteka maji kwenye kisima kinacholia si jambo la kufurahisha, na baada ya wiki mbili majirani walianza kuja kuteka kwa kina Akineti. Walikuja na ndoo zao, wakapanga foleni kando ya banda la nguruwe, wakasifu.

"Kisima chenu kina amani," mama Tekinati alisema.

"Ni cheusi kama vyenu, mama," Akineti alisema. "Chupa hii hapa. Angalia mwenyewe."

"Naiangalia, mwanangu. Imetulia."

Bibi yake, Nei Maere, alikuwa mbaya zaidi, kwa kuwa alijivuna. Kila asubuhi kabla ya shule Akineti alichemsha sufuria moja ya maji kwa makumbi ya nazi, akayaweka kando kwa ajili ya Itaaka. Baurina alikuwa akishinda kazini, anapaki samaki, na maziwa yake hayakutosha. Sufuria moja ilitosha mpaka saa saba mchana. Baada ya hapo Bibi aliteka.

"Bibi, nimekuomba. Chemsha hata kidogo."

"Kwa makumbi gani? Umeyamaliza wewe. Maji haya yamemlea mama yako, yamekulea wewe na hilo domo lako. Umesikia kisima chetu kikilia?"

"Sijasikia."

"Basi."

Akineti aliendelea kuchemsha. Aliokota makumbi njia nzima kutoka shuleni, akaomba kwa majirani, akawaibia hata nguruwe yaliyokuwa bandani mwao. Sufuria ikawa moja na nusu. Ilifika saa tisa.

Itaaka alianza kuhara Jumapili. Jumatatu mama yake hakwenda kazini, alimpeleka zahanati, akapewa pakiti sita za unga wa chumvi na sukari, na maelekezo ya kuchanganya na maji safi. Muuguzi aliyasema hayo huku ameangalia sakafu, kwa kuwa yeye pia alikaa Teaboua. Jumanne na Jumatano Akineti hakwenda shule, akachemsha. Mvua haikunyesha. Alhamisi asubuhi makumbi yalikwisha, akaenda kwa Ioteba kuomba maji ya tangi, akakuta duka limefungwa na mwenyewe amekwenda mjini. Alikaa mlangoni mpaka saa nane akimngoja. Aliporudi nyumbani mikono mitupu, pakiti ya sita ilikuwa imeshachanganywa na imeshanywewa, na Nei Maere alikuwa akisuuza kikombe.

"Amekunywa vizuri," Bibi alisema. "Yote."

Saa kumi Akineti aliweka laptopu juu ya sanduku la biskuti. Alifanya hivyo kwa kuwa ilikuwa Alhamisi. Mareta alikuja, hakuleta chakula. Chupa ya kumi na mbili ilikuwa kwenye ubao wa dirisha, mahali pake.

Dada Katarina alitokea akitabasamu, amechana nywele. Alisema leo ana habari. Ripoti yao imeshika nafasi ya pili kati ya shule zote za visiwani zilizokuwa kwenye mpango. Majaji wamesifu jedwali la swali la saba. Wamependekeza tu kwamba safari ijayo sampuli zisimwagwe.

"Hongereni, wadogo zangu. Mbona mmekaa kama mmefiwa?"

Hapo mtoto akaanza kulia. Kilikuwa kilio cha miezi minane, kinene, chenye hasira kidogo.

Uso wa Dada Katarina ukalainika. "Huyo ndiye Itaaka? Na sauti hiyo! Mwambie Baurina amnyonyeshe kwanza, tutasubiri."

Akineti aliinyanyua laptopu kwa mikono miwili, akaigeuza taratibu kuelekea ndani ya nyumba. Itaaka alikuwa amelala juu ya mkeka wa majani ya mkadi, midomo imefungwa. Baurina alikuwa ameketi kando yake akimpepea. Kilio kilitoka dirishani, nyuma ya kamera, na Baurina alikisikia, na hakuacha kupepea.

Katika stoo ya mashuka Dada Katarina aliisogelea skrini.

"Andikeni saa," alisema mwishowe, kisha akajifunika uso kwa shuka lililokuwa karibu.

Mareta aliandika. Akineti aliichukua chupa, akaifuta kwa upindo wa sketi yake, akampelekea dada yake. Baurina aliweka upepeo chini. Aliipokea, akaipakata, akaipigapiga mgongo, na baada ya muda ikanyamaza.

Walimlaza kando ya nyumba siku ya pili, kwa kuwa ndiko alikostahili kulala. Mzee Bwatiara alikuja mwenyewe, akaulizia chupa kwa upole, na Baurina akaimimina kisimani mbele yake bila kumwaga hata tone nje. Majirani waliokuwa wakija na ndoo walirudi kwenye visima vyao, maana sasa hakukuwa na tofauti. Fomu ya swali la saba Akineti aliirekebisha kwa kalamu: ndiyo kumi na mbili.

Watu wa msiba walijaa uwanja mzima, na wengine walikuwa wametoka mbali. Lazima wapewe chai. Nei Maere alisimama kisimani na birika kubwa, amejifunika kanga kichwani, machozi yanamtoka, akimwimbia kitukuu wake ule wimbo wa kulaza watoto. Kisima kilipotulia, akateka.