Wastani Anaendelea Vizuri

Jumatatu ni siku ya presha katika kliniki moja mjini Thika. Wagonjwa huvua masweta mapema, hukunja mikono ya mashati na kukaa kwenye benchi wakingoja nesi awaite. Mwaka huu kulikuwa na jaribio la dawa mpya, na Emmah, mwanatakwimu kutoka Ruiru, aliketi kwenye kona na kompyuta yake, akajumlisha presha za wote waliopewa dawa hiyo, akazigawanya kwa idadi yao. Alipomaliza kugawanya, benchi lilikuwa na mtu mmoja zaidi.

Alikuwa amevuka miaka hamsini kwa miezi kadhaa. Alikuwa mwanamume zaidi kidogo kuliko alivyokuwa mwanamke, mwenye ndevu kwenye shavu moja tu. Alikuja na watoto watatu na nusu, na ile nusu ilishika koti lake kwa mkono wake mmoja, ikapiga chafya. Watu walisogea wakampa nafasi. Walimwita Wastani, kwa sababu ndiye aliyekuwa, na nesi akampima kama wengine. Presha yake ilikuwa imeshuka vizuri.

"Si unaona?" Daktari Gathogo, msimamizi wa jaribio, alimwambia Emmah. "Dawa inafanya kazi."

Kwa Wastani ilifanya kazi, hilo halina ubishi. Aliyekaa karibu naye alikuwa Aoko, mama wa miaka hamsini na minane, mchuma kahawa katika shamba moja la Ruiru. Tangu aanze dawa hiyo presha yake ilikuwa ikipanda tu. Macho yalimpiga kiwi hadi akawa anachuma buni mbichi pamoja na nyekundu.

"Msichana wangu, hii dawa itanimaliza," alimwambia Emmah. "Nirudishieni ile yangu ya zamani."

Emmah alimwamini. Alirudi kwenye kompyuta akawatenga wanaume na wanawake, kisha akawatenga wanawake waliovuka hamsini. Wagonjwa waliinuka bila kuambiwa, wakasimama walivyotengwa. Akina mama hao walijipanga ukutani, wachache, na presha zao karibu zote zilikuwa zimepanda. Wastani alibaki peke yake katikati ya chumba. Alianza kufifia, mpaka kalenda iliyokuwa nyuma yake ikasomeka kupitia kifua chake.

"Hao ni wachache mno," Daktari Gathogo alisema. "Ukigawanya watu mara ishirini, mara moja kati ya hizo utapata tofauti ya bahati tu. Wewe unayajua hayo kuliko mimi."

Emmah aliyajua, na ndiyo maana yalimchoma. "Basi tuandikishe wanawake zaidi, tuone kama ni bahati. Na huyu mama tumtoe leo, daktari, tafadhali."

"Nikimtoa mmoja, kesho watatoka wote. Na huyu je?" Alimwonyeshea kidole Wastani, ambaye sasa alikuwa miguu na ukosi wa shati tu. Nusu ya mtoto ilikuwa ikilia. "Unataka tumpoteze huyu? Hebu warudishe."

Inaudhi kulisema hili, maana Emmah si mtu mbaya, lakini aliwarudisha. Wagonjwa walikaa. Wastani alipata rangi, akafunga kifungo cha koti. Nesi alimpa Aoko pakiti ya mwezi mwingine, naye akaitia kwenye kikapu.

"Haya basi," Aoko alisema. "Nyinyi ndio mmesoma."

Alianguka kati ya mistari ya mibuni Alhamisi iliyofuata, asubuhi, na hakuamka. Wenzake walichanga wakamsafirisha hadi kwao Siaya. Kwa kuwa marehemu hapimwi presha, jina lake liliondolewa kwenye hesabu.

Jumatatu Emmah alijumlisha waliobaki, akagawanya. Wastani aliingia akitembea kwa nguvu, mdogo kwa umri kuliko wiki iliyopita, na sauti yake ilikuwa imeanza kuwa nzito. Presha yake ilikuwa imeshuka zaidi. Daktari Gathogo alifurahi, akampa mkono.

"Najisikia mwepesi sana siku hizi," Wastani alisema.

"Tangu lini?" Emmah aliuliza.

"Tangu Alhamisi asubuhi."

Emmah alirudia hesabu. Ilikuwa sahihi, kwa hiyo akaiandika.