Daki ya Marwa Heche

Tangu aingie sebuleni kwa Marwa Heche, Imrani alikuwa ameshasema "sikiliza kwanza" mara tisa, na mara zote tisa mwenye nyumba alikuwa anatafuta mzani.

"Mzee Marwa, hiki ni chombo cha muziki. Hakipimwi."

"Kila kitu kinapimwa, fundi."

Marwa alikuwa mnunuzi wa dhahabu pale Tarime mjini. Bei ilipopanda, wachimbaji wa Nyamongo wakawa wanapanga foleni mlangoni kwake, naye akajenga, akanunua spika zenye kimo cha kabati na amplifaya ya kufanana nazo. Muziki ukaendelea kutoka mkavu, wenye makelele, kama wa simu, kwa sababu ulikuwa wa simu. Imrani, aliyetengeneza redio mjini hapo kwa miaka ishirini, ndiye aliyemfafanulia: muziki uliomo kwenye simu ni tarakimu tupu, lazima kitu kizigeuze kuwa sauti, na simu huifanya kazi hiyo kwa kulipua, ovyo ovyo. Kipo chombo cha kuifanya vizuri. Mafundi wanakiita daki.

"Nitafutie inayosema kweli," Marwa aliagiza. "Isiongeze, isipunguze."

Imrani alilala na maneno hayo kwa raha. Kesho yake akavuka mpaka pale Sirari hadi Isebania, upande wa Kenya, kwa Samira, mfanyabiashara wa vyombo vizuri vya muziki, akaazimwa daki ndogo nyeusi isiyo na urembo wowote. "Akiinunua, nakuletea stoki yangu uuze huko Tarime," Samira alimwambia. "Asipoinunua, hiyo kitu irudi vile ilitoka. Hata alama moja sitaki." Tangu hapo Imrani alishasafisha kabati la kioo la dukani kwake. Alikuwa amechoka, jamani, amechoka kabisa na spika za baa zilizoungua, na ile harufu ya waya uliokaangika ambayo hata sabuni haiitoi mkononi.

Sasa alikuta mezani daki nyingine, kubwa, inayong'aa. Ilikuwa imeletwa na Nyangwine, wakala wa forodha wa Sirari.

Mzani mdogo wa dhahabu ulipatikana. Daki ya Imrani ikasoma gramu mia sita. Ile ya Nyangwine ilipowekwa, mzani ulishindwa, ukaonyesha vistari tu. Marwa akacheka kwa furaha.

"Umeona, mura? Imeushinda!"

Imrani akachungulia kwenye matundu ya hewa ya lile dude. Ndani aliona kibao kidogo cha umeme, na pembeni yake bamba la chuma limefungwa kwa skrubu nne, halina kazi yoyote duniani ila kuwa zito.

"Mzee, uzito wote ni chuma. Njoo uone kwa macho yako."

"Nyangwine tumetahiriwa naye msimu mmoja," Marwa alisema. "Mzigo wake siuchunguzi. Wako nitauchunguza."

Imrani aliinama nyuma ya amplifaya kuunganisha waya, akihesabu pumzi zake asije akatukana. Harufu kali ikamfikia puani. Alipoinuka, Marwa alikuwa na tupa mkono mmoja na kichupa cha tindikali ya kupimia dhahabu mkono wa pili. Alikuwa amekwangua tundu moja la nyuma la daki ndogo, kati ya yale mawili yaliyopakwa dhahabu, na kulidondoshea tone. Lilikuwa linachemka, rangi ya kijani.

"Shaba!" Marwa alitangaza. "Mmenipakia dhahabu juu ya shaba."

"Zote zinapakwa!" Imrani alipiga kelele. "Zote, dunia nzima! Tundu halitafunwi, linachomekwa waya! Nitamwambia nini mwenye chombo mimi?"

Kwa kelele hizo Mokami, mke wa Marwa, akatoka jikoni na kitambaa mkononi. "Kwani mmeshausikia huo muziki?" aliuliza.

Hakuna aliyekuwa ameusikia. Basi Marwa akachagua wimbo. Ulikuwa wimbo wake mwenyewe: alimwajiri mpiga litungu, kile kinubi cha Kikurya, amsifie, akaurekodi kwa simu palepale uwanjani kwake. Jumamosi wageni wa kuzindua nyumba walikuwa waje kuusikiliza. Walianza na daki kubwa. Litungu likaunguruma, jina la Marwa likajaa chumba, na vingine vyote vikazama. Marwa akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Imrani akahamishia waya kwenye daki ndogo, tundu la pili, lile zima.

Nyuzi nane za litungu zikatengana, kila moja mahali pake. Njuga za mguuni zikasikika, kisha mpigaji akivuta pumzi kabla ya kulitaja jina la Marwa. Mokami aliketi bila kujua kama ameketi. Imrani alisahau tindikali. Wimbo ukaisha, na katika zile sekunde chache kabla simu haijazimwa, mtu aliyesimama mbali nyuma akasema, kwa sauti ya chini, wazi kabisa:

"Msifu sana huyo. Labda na mzani wake utaona haya."

Watu wawili watatu wakacheka kwenye rekodi. Sebuleni hakucheka mtu.

"Rudisha nyuma," Mokami alisema.

"Usirudishe."

"Baba Mwikwabe, mzani upi huo?"

Marwa alinyoosha mkono akauchomoa waya mwenyewe. "Chombo hiki kinaongeza maneno."

"Hakiongezi kitu, mzee," Imrani alisema. Hasira ilikuwa imemwishia, sauti ikamtoka ya kawaida tu. "Hakiongezi wala hakipunguzi. Ndivyo ulivyoniagiza."

"Ondoka nacho."

Daki ya Nyangwine ikabaki. Jumamosi iliunguruma hadi mtaa wa pili.

Imrani alifika dukani na daki kwapani, akampigia Samira simu, akamweleza habari ya tindikali bila kuficha.

"Hiyo stoki sahau," Samira alisema. "Lakini hebu niambie, hiyo daki hakuipenda?"

"Aliisikia," Imrani alijibu.

Mezani palikuwa na spika tatu za baa zilizoungua. Akavuta ya kwanza, akaanza kuifungua.