Punje ya Jeli Upande wa Mghoi

Niliota usiku wa jana kwamba punje ya jeli imeketi kwenye mto wa kulalia wa marehemu mke wangu, Mghoi, ikisubiri nimalize sala.

Ilikuwa punje ile ile aliyotugawia Mwalimu Mwasi jioni, sisi watu wazima tunaosoma kemia baada ya kazi. Alisema ikipata hewa ya ukaa, ile tunayoitoa tukipumua, huvimba. Ikiikosa, husinyaa. Ukiizika, huoza, udongo ukaichukua. Niliiweka kwenye kisosi chenye maji kidogo, upande wa kitanda aliokuwa akilala Mghoi, nikageukia ukutani.

"Nipumulie," jeli inasema.

Napumua.

"Umekula vitunguu."

"Kidogo tu. Samahani."

Inavimba hata hivyo. Inajaza mto, kitanda, chumba, na mimi nimo ndani yake, mkavu kabisa. Humo ndani ni kanisani kwetu Wundanyi. Molekuli zimejaa kwenye mabenchi, zimeshikana mikono safu kwa safu, maana jeli ni polima, mnyororo wa molekuli. Katikati yao ameketi Mghoi na kitambaa chake cha buluu kichwani.

"Baba Wakesho, umekonda," ananiambia. "Kaa, lakini usishike mkono wa mtu. Tunaachiana."

Kweli, benchi la mbele wameshaanza, mmoja mmoja, kwa adabu. Kila anayeachia anakuwa udongo.

"Wewe shikilia," namwambia.

"Sisi ni wa kuoza. Hukumsikiliza mwalimu?"

"Nilimsikiliza. Basi niitikie Amina mara moja tu. Tangu uondoke, sala zangu hazifungi."

"Sina pumzi, mume wangu. Nipe yako."

Nampulizia yote niliyo nayo. Mashavu yake yanajaa kama ya mtoto anayezuia kicheko. Molekuli wa kushoto anamwachia mkono, kisha wa kulia. Anafungua kinywa.

Nikaamka kabla sijasikia.

Kulikuwa kumekucha, na uso wangu ulikuwa bado ukutani. Nikageuka, nikijua jeli itakuwa imesinyaa, kwa kuwa upande ule hakuna anayepumua. Ilikuwa imevimba, imekijaza kisosi. Nikauinamia mto wa Mghoi. Ulinukia vitunguu kwa mbali.

Nikapiga magoti, nikasali sala yote. Nilipofika pa Amina nikanyamaza, nikamwachia Mghoi aitikie.