Ruhusa ya Marehemu

Mshonaji alifuta vumbi la vitambaa kwenye kioo cha kompyuta kwa upindo wa gauni lake, akabonyeza alama ya programu mpya. Kompyuta ikamwambia yale yale ya jana na juzi: huna ruhusa, mwite msimamizi. Akasema haya, akaenda kubandika chai. Msimamizi alikuwa mumewe, na mumewe hakuwa akifika kabla jua halijaanza kuzama, tangu walipomzika mvua zilizopita.

Alipofika, mlango wa nyuma haukulia, mlango ambao mtu aliye hai akipita hulalamika kama mbuzi. Alivaa suti ya kijivu aliyozikwa nayo, na kucha zake zilikuwa na udongo. Mama yake mzazi, aliyekuwa akichambua mchele sebuleni, alikunja miguu ili apite. Akaketi mbele ya kompyuta, akavua kofia, akafunikia mikono yake kama alivyofanya enzi za uhai wake, mtu asije akaona herufi. Akachapa neno la siri kwa vidole viwili.

Mshonaji alisimama pembeni akamweleza tena. Mashine ya kutarizi aliyoinunua ilikuwa pale pembeni imefunikwa shuka, haifanyi kazi mpaka programu yake iwekwe. Mwalimu mkuu alitaka nembo kwenye masweta ya shule nzima. Shule zikifunguliwa nembo hazipo, kazi itavuka barabara kwenda duka la pili, naye atabaki kutia vifungo na kukunja pindo za watu.

"Tutaona," marehemu akasema.

Akafungua mchezo wa karata humo kwenye kompyuta, akacheza peke yake mpaka giza likaingia, akavaa kofia, akaenda zake. Mshonaji akachukua kitambaa, akafuta udongo kwenye vitufe.

Kompyuta yenyewe ilitokana na magauni ya maharusi, aliyoyashona mpaka macho yakawa yanamtoka machozi bila msiba. Siku ilipoletwa, mumewe aliazima mkasi wake, akakata gundi ya boksi, na kompyuta ilipouliza mwenyewe ni nani, akaandika jina lake. Mkewe akamwandika mgeni. Walicheka wote wawili siku ile. Baadaye alipokuwa mahututi, ndugu walimzunguka kitandani wakamuuliza azikwe wapi, na kiti chake akikalie nani. Neno la siri hakuna aliyeliuliza. Mshonaji alilikumbuka makaburini, sepetu zimeshaanza kazi, akaona haya kusimamisha watu.

Akamwita fundi Waya, mtu wa tumbo kubwa aliyeanzia kwenye redio. Fundi akasema kesi kama hizi ni nyingi, na kwamba afadhali wafu kuliko waliosafiri, maana wafu angalau hutokea. Akaeleza kwamba kila kompyuta huzaliwa na msimamizi wake wa asili, amelala ndani. Ukimwamsha huyo, umemaliza. Akachomeka kidude chake, akaanza kumwamsha.

Siku hiyo marehemu alikuja jua lingali juu. Alikuwa amekuja mbio, kofia imekaa upande.

"Shikamoo mzee," fundi akasema, akaiweka mikono yake mapajani.

"Marahaba. Unatafuta nini kwenye mashine yangu?"

"Baba watoto, mashine ni yangu mimi," mshonaji akasema.

"Nani kasema si yako? Ila lazima awepo mtu wa kuisimamia."

"Sasa wewe si hupo?"

"Mbona unaongea nami?"

Mama mkwe akacheka huko kwenye ungo wake. "Hapo kakushika, mkwe wangu. Umwache mwanangu apumzike."

Fundi akachomoa kidude. Akasema yeye haingilii mambo ya mume na mke, ila chai atakunywa. Marehemu akavuta kiti ili acheze karata zake. Akavua kofia, akafunika mikono.

Mshonaji akaketi karibu naye kwenye kiti kile kile, nusu kwa nusu, kama walivyokaa zamani kwenye sherehe za watu. Akaingiza mkono wake chini ya kofia, akaulaza juu ya mkono wa mumewe. Ulikuwa baridi kama kitako cha mtungi. Alipokuwa hai, jambo hilo hakulithubutu. Marehemu akachapa taratibu, na vidole vya mshonaji, vilivyozoea kutambua uzi gizani, vikafuata herufi moja moja.

Neno la siri lilikuwa jina la marehemu mwenyewe, mara mbili.

Fundi Waya akaweka kikombe chini, akamwonyesha pa kubonyeza. Mshonaji akawa msimamizi, na marehemu akashushwa kuwa mgeni. Hakugomba. Aliuliza kama mgeni anaruhusiwa kucheza karata, akaambiwa anaruhusiwa. Mama mkwe akasema dunia imekwisha, akaenda kuosha mchele.

Kuanzia hapo marehemu hakuondoka tena jioni. Mchana kutwa alikaa kwenye kochi akingoja zamu yake, chumba kikawa na ubaridi wa shimo, na mshonaji akazoea kufanya kazi amejifunga shuka mabegani. Mashine ya kutarizi ikanguruma. Nembo zikatoka safi.

Mwalimu mkuu, mama mmoja wa miwani minene, akapita kuona kazi ilipofikia. Alimkuta mshonaji ameinamia kompyuta, akampita, akaenda kumwamkia mwenye kochi.

"Shikamoo mzee. Masweta yetu yatakuwa tayari lini?"

"Ijumaa," mshonaji akasema.

Mwalimu mkuu hakugeuka. Aliendelea kumtazama marehemu, mkoba umebanwa kwapani, akingoja. Mashine ilimaliza nembo moja, ikanyamaza.

"Ijumaa," marehemu akasema.

"Ahsante sana. Sasa moyo wangu umetulia."

Akampa mkono wa kuagana, akapangusa udongo kwenye sketi, akatoka. Mshonaji akakata uzi kwa meno, akatandika sweta lingine.