Shangazi Wakio na Ukuta wa Obadiah

Mjinga wa Jumanne ile alikuwa Sylus, na mwenyewe hakatai. Alikuwa Kaloleni, Voi, barazani kwa shangazi yake Wakio, laptopu mapajani, akitengeneza gemu ya mafumbo: mama mmoja afikishe mtungi bombani. Mama huyo alikuwa Wakio mtupu, leso, ndara na yote. Saa tatu hivi Sylus akaufuta msuguano wa miguu, aone tu itakuwaje. Mama wa gemu akawa akipiga hatua moja, anateleza moja kwa moja mpaka azuiwe na kitu.

Wakio mwenyewe naye akatoka ndani na mtungi wake, akapiga hatua moja, akateleza. Alimpita Ndunge muuza mboga, wakasalimiana, akasimama alipougonga ukuta wa jirani yake Obadiah. Akajisukuma kurudi, akateleza hadi mlangoni kwake. Safari ya tatu Ndunge akasogeza nyanya zake kando, akamshauri atangulize mtungi, ndio ugonge kwanza.

Bomba liko nyuma ya ukuta huo. Zamani njia ilinyooka hadi pale, Obadiah akaijengea ukuta katikati, watu wakazoea kuzunguka. Wakio sasa kona hakuziweza. Maji huja Jumanne tu, na hukatika saa sita, na sheria ya foleni ni mwenye mtungi ajitokeze mwenyewe. Hatumwi mtu, hata mpwa.

Sylus akarudisha msuguano. Gemu ikakubali, shangazi akaendelea kuteleza. Akaufuta ukuta kwenye gemu, na mama akafika bombani bila taabu. Ule wa Obadiah ukabaki na vipande vyake vya chupa juu. Obadiah alipoulizwa, alisema ukuta una hatimiliki, akaomba mtungi usimkwaruzie plasta.

Saa sita kasoro, Wakio alikuwa ameegemea ukuta, mtungi mkavu. Sylus akamweleza kwa upole kwamba mali ya mtu haiguswi bila ruhusa, kuna taratibu.

"Wacha nikuwekee springi magotini, shangazi. Utauruka tu."

Ng'ambo ya ukuta bomba likakohoa, likanyamaza.

"Miguu yangu uliigeuza bila kuniuliza," Wakio akasema. "Huu ukuta ndio wa kuombewa ruhusa?"